Debe la Sekenke

Watu wa mbali wanaijua Sekenke kwa dhahabu. Wajerumani waliichimba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1916 dhahabu hiyo ikafuliwa Tabora kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Sisi wa Kinampanda tuliijua Sekenke kwa maji. Baba yangu alikuwa utingo wa lori la Bedford miaka ya 1960, na hakupanda garini bila debe lake.

Lori likitoka Igunga lilikata mbuga ya Wembere, likafika Shelui, ndipo likauanza mlima wa Sekenke. Barabara ya vumbi, mzigo mzito, gia namba moja. Injini inatoa nguvu zake zote huku gari likienda mwendo wa mtu, kwa hiyo hakuna upepo wa kuipoza rejeta. Baba alifuata nyuma kwa miguu, gogo mkononi, tayari kulisukumiza chini ya tairi. Mvuke ukianza kufuka walisimama. Siku moja alifungua kifuniko kabla ya wakati, akabaki na kovu tangu kiwiko hadi kiganja. Alituusia: subiri mvuke utulie, kisha tia maji kidogo kidogo injini ikiwa inanguruma, maana maji baridi yakiivamia injini ya moto, silinda hedi hupasuka.

Mimi nilijifunza ufundi miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, vipuri vilipoadimika nchini. Rejeta tulizitia lehemu mpaka zikawa viraka vitupu. Thamostati ikikwama imefunga, hakuna ya kuibadilisha, tunaing'oa. Shida ile ikageuka desturi, na mpaka leo vijana wanang'oa hata iliyo nzima. Nataka niseme wazi: wanakosea. Thamostati nzima ikifika mlimani huwa imeshafunguka yote, kuiondoa hakukupi nafuu. Utakachopata ni injini inayochelewa kupata moto asubuhi za baridi za kwetu, inakunywa mafuta na kulika mapema.

Somo kubwa nililipata kwa gari langu la kuunga: chesisi ya Land Rover, injini ya dizeli ya Toyota. Lilichemka kila kilima. Nilizibua rejeta, nikabadilisha pampu ya maji, wapi! Siku moja nikapima kwa mkono: injini ile ilikuwa fupi, feni imesimama shubiri nzima nyuma ya rejeta. Ilikuwa inavuta hewa ya moto ya pembeni mwa injini na kuizungusha palepale. Nikakunja bati, nikaizingira feni hadi kwenye rejeta, nikaziba kila upenyo. Kisha nikaweka kifuniko cha rejeta chenye springi nzima. Kwenye uwanda wetu wa mita 1,500 hivi, maji yaliyo wazi huchemka yakifika nyuzi 95 tu. Yakibanwa na kifuniko kizima hupita 110 bila kuchemka.

Wiki hiyo niliteremka Shelui na magunia ya vitunguu, nikarudi na mzigo mwingine. Nilipanda Sekenke bila kusimama.

Bati lile nililikata kwenye debe la Baba.