Nani Alimaliza Samaki wa Tanganyika?

(Muziki wa kufungulia unapanda, kisha unashuka.)

  

Leo tunazungumzia ziwa ambalo wengi wetu tunalijua kama njia. Wapo waliotoka Uvira, Baraka na vijiji vya Fizi, wakavuka kwa boti usiku. Wapo waliotoka Burundi mwaka 2015, wakangoja ufukweni Kagunga mpaka meli ya MV Liemba ikawapeleka Kigoma. Lakini kabla ya kuwa njia ya kukimbilia, Ziwa Tanganyika lilikuwa shamba. Wazazi wetu walivuna humo bila kupanda.

Siku hizi shamba hilo halitoi kama zamani, na kila ukiuliza sababu unanyooshewa kidole tofauti. Wa Rumonge anamlaumu wa Uvira, wa Uvira anamlaumu wa Kigoma. Wapo hata wanaosema ni sisi wakimbizi. Basi tuiulize historia.

Kwanza tulifahamu ziwa lenyewe. Lina umri wa mamilioni ya miaka. Urefu wake ni karibu kilomita 670, na kina chake kinafika karibu mita 1,470. Duniani ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi kwa kina. Ukiacha barafu, katika kila lita sita za maji yasiyo na chumvi yaliyo juu ya ardhi dunia nzima, karibu lita moja iko Tanganyika. Nchi nne zinaligawana: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia.

Kwa karne nyingi watu walivua usiku wa giza. Mvuvi aliwasha moto wa kuni mbele ya mtumbwi, dagaa wakafuata mwanga, naye akawachota kwa wavu wenye mpini unaoitwa lusenga. Baadaye karabai ikachukua nafasi ya kuni. Miaka ya 1950 mambo yakabadilika haraka. Wavuvi wa Kigiriki walileta kaskazini mwa ziwa, upande wa Burundi, meli zenye nyavu kubwa za kuzungushia. Miaka hiyohiyo ukaenea uvuvi wa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, wavu ukishushwa katikati na taa zikiwaka juu. Mavuno yakawa makubwa. Lakini ilipofika miaka ya 1990, uvuvi wa meli huko kaskazini ulikuwa umedorora, na baadhi ya meli zilihamia Mpulungu, Zambia. Samaki wakubwa kama sangala walikuwa wamepungua sana. Wakabaki hasa dagaa, ambao Warundi huwaita ndagala, na mikebuka, ambaye kwao ni mukeke.

Je, basi mwenye kosa ni nyavu peke yake? Subiri kidogo.

(Muziki mfupi.)

Chukua maji ya moto, yamwage polepole juu ya maji ya baridi. Ya moto yatakaa juu, ya baridi chini. Ziwa Tanganyika liko hivyo. Maji ya juu ni ya vuguvugu, yana hewa, na humo samaki wanaishi. Kule chini kabisa hakuna hewa ya kutosha samaki, lakini ndiko kuna rutuba iliyozama. Kiangazi, upepo mkali wa kusini unalikoroga ziwa, na rutuba inapanda juu. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho inaistawia, wadudu wadogo wanaila mimea, dagaa wanawala wadudu, na mikebuka anawala dagaa.

Dunia ikizidi joto, maji ya juu yanazidi kuwa mepesi na upepo unashindwa kuyachanganya na ya chini. Mwaka 2003 watafiti walitoa matokeo yanayokadiria kwamba chakula cha msingi ziwani kimepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 wengine walisoma tope la chini ya ziwa, ambalo hutunza mabaki ya samaki wa kila zama kama daftari. Waliona kwamba samaki walianza kupungua hata kabla ya meli kubwa kuingia. Waliona pia kwamba, katika sehemu walizochunguza, makazi ya chini yenye hewa yamepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946.

Kwa hiyo mvuvi wa Uvira na mvuvi wa Kigoma wanalaumiana kwa jambo ambalo sehemu yake imetoka mbali, kwenye moshi wa viwanda na magari ya nchi ambazo hazijawahi kuonja mukeke. Lakini hilo halituondolei wajibu. Mgonjwa mwenye homa hapigwi viboko. Ziwa ambalo chakula chake kimepungua linahitaji kuvuliwa kwa huruma zaidi.

Kuna jeraha la tatu, nalo ni udongo. Pembeni mwa ziwa, kwenye mawe, wanaishi samaki wadogo wa rangi nyingi. Jamii yao ina aina zipatazo 250 ziwani humo, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Milima ikikatwa miti, mvua inateremsha udongo, mawe yanafunikwa, na samaki hao wanakosa pa kula na pa kujificha.

Dagaa waliwahi kupewa nyumba ya pili. Mwaka 1959 baadhi walianza kupelekwa Ziwa Kivu, na wenzetu wa Bukavu na Goma wanawajua kwa jina la sambaza. Mwaka 1967 na 1968 wengine walipelekwa Kariba, ambako huitwa kapenta. Wale wa kwenye mawe hawana Kivu yao. Wakiisha Tanganyika, wameisha duniani.

Nchi nne hazikukaa kimya. Tarehe 12 Juni 2003, jijini Dar es Salaam, zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa kwa pamoja. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikaundwa, makao yake Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu bila kuvua ni mizito kwa anayekula kwa siku, na hilo tusilifiche. Lakini samaki hawajui mpaka. Nchi moja ikifunga na jirani akaendelea kuvua, njaa ya yule aliyefunga inakuwa ya bure.

Sasa sisi tulio kambini, tusio na mtumbwi, tunahusika vipi? Mito mingi ya Kasulu na Kibondo humwaga maji Malagarasi, na Malagarasi inaishia Tanganyika. Udongo unaoteremka huku unafika kule. Mti unaopanda kando ya korongo unamsaidia samaki ambaye hutamwona. Chandarua ulichopewa ni cha kukukinga na malaria. Kikiwa wavu kinakusanya vifaranga wa samaki, na dawa yake ni sumu kwao. Na sokoni, vifaranga wasipopata mnunuzi, hakuna atakayehangaika kuwavua.

Lipo na jambo la wazee. Watoto wengi waliozaliwa hapa hawajawahi kuliona ziwa. Wazee, wakalisheni jioni, muwatajie majina ya samaki kwa Kibembe, kwa Kivira, kwa Kirundi, na nani alikaa kwenye mawe, nani kwenye mchanga. Watoto waandike kwenye daftari. Siku ya kurudi ikifika, asiyejua kilichokuwepo hatajua kilichopotea, wala hatajua cha kulinda.

Leteni madaftari hayo studioni, tuyasome katika kipindi kijacho. Kwa leo tunaishia hapa. Kwaherini, na Mungu awalinde.

(Muziki wa kufungia.)