Jina Katika Sikio la Karani: Orodha za Forodha za Abiria Wachina wa Meli za Moshi Nchini Marekani, 1882–1903

1. Utangulizi

Wanahistoria wa uhamiaji wamezitumia sana orodha za abiria kwa ajili ya kuhesabu watu: wangapi walifika, lini, na kwa chombo gani. Mwanaisimu anapozishika orodha hizo hizo huwa na maswali mengine. Ni nani aliyesema? Ni nani aliyesikia? Na kilichoandikwa ni lugha ya nani? Mhadhara huu unachunguza orodha za abiria Wachina zilizotunzwa na idara ya forodha ya Marekani, hususan katika bandari ya San Francisco, tangu sheria ya mwaka 1882 hadi kazi hiyo ilipohamishiwa idara ya uhamiaji kati ya 1900 na 1903. Hoja inayotetewa ni kwamba orodha hizo, ingawa zimejaa majina, ni kumbukumbu ya usikivu wa makarani kuliko ya majina yenyewe. Na kwa kuwa ruhusa ya mtu kushuka pwani ilitegemea kilichoandikwa, kosa la sikio liliweza kugharimu maisha ya mtu aliyokwisha kuyajenga.

2. Sheria na daftari

Safari za kawaida za meli za moshi kati ya California na China zilianzishwa na kampuni ya Pacific Mail mwaka 1867. Wengi wa abiria Wachina walitoka mkoa wa Guangdong, hasa katika wilaya nne zilizojulikana kwa jina la Sze Yup, wakapandia chombo Hong Kong. Tarehe 6 Mei 1882 Rais Chester Arthur alitia saini sheria iliyowazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani kwa muda wa miaka 10. Sheria hiyo iliongezwa muda mwaka 1892, baadaye ikafanywa isiyo na kikomo, na haikufutwa hadi Desemba 1943.

Utekelezaji wake ulikabidhiwa wakuu wa forodha, maofisa ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kutoza ushuru wa bidhaa. Jambo hili si dogo. Kifungu cha 8 kilimtaka nahodha, pale pale anapokabidhi hati ya shehena, atoe kwa kiapo orodha ya pekee ya abiria Wachina. Kifungu cha 4 kilimtaka mkuu wa forodha aandikishe pia kila kibarua aliyekuwa akiondoka kwa nia ya kurudi: jina, umri, kazi, makazi yake ya mwisho, na alama za mwilini. Kwa maandikisho hayo alipewa cheti cha kurudia. Aliporudi, ofisa alitakiwa kulinganisha vitu vitatu, yaani cheti, orodha na mtu mwenyewe, kabla hajamruhusu kukanyaga nchi kavu. Katika ulinganisho huo maandishi yalikuwa mawili, na mtu alikuwa mmoja.

3. Jina lililosikika

Marekebisho ya mwaka 1884 yalidai cheti kionyeshe jina la mtu, la familia na la kabila, yote kwa ukamilifu. Waliotunga maneno hayo walidhani kwamba kila jamii hugawa majina kwa namna moja. Jina la Kichina hutanguliza ukoo, ndipo hufuata jina la mtu binafsi. Tena mwanamume wa Guangdong aliweza kuwa na jina la utotoni, la shuleni, na jingine alilopewa alipooa. Yote yalikuwa yake kwa haki. Mtu aliyetaja jina la ndoa wakati wa kuondoka na la utotoni wakati wa kurudi hakuwa amesema uongo, lakini mbele ya daftari alikuwa watu wawili.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa kiambishi Ah. Katika Kikantoni, Ah hutangulizwa mbele ya jina ili kuonyesha mazoea, na si sehemu ya jina lenyewe. Hata hivyo, kumbukumbu za Marekani za karne ya 19 zimejaa watu walioandikwa kwa Ah likifuatiwa na silabi moja, na jina la ukoo halimo kabisa. Ni kana kwamba karani mgeni katika pwani ya Afrika Mashariki angewasikia watu wakiitana bwana fulani na bwana fulani, kisha akaandika kwamba wote ni wa ukoo wa Bwana. Huko Hawaii kosa la aina hiyo limezaa koo: majina kama Akana na Ahuna yana asili ya kiambishi hicho, na wajukuu wanayatumia mpaka leo.

Tatizo la pili ni la tahajia. Kikantoni ni lugha ya toni, na herufi za Kiingereza hazikuwa na njia ya kuzionyesha. Isitoshe, wenyeji wa Sze Yup walikuwa na lahaja yao, iliyo mbali na Kikantoni cha mjini Guangzhou. Ukoo mmoja unaoandikwa kwa alama moja katika Kichina ukaonekana katika Kiingereza kuwa Chin, Chan au Chun, kutegemea msemaji na msikilizaji. Kwa upande mwingine, koo mbili ambazo Kimandarini huziita Huang na Wang hutamkwa sawa katika Kikantoni, nazo zote zikaandikwa Wong. Maandishi ya Kichina huzitenganisha bila shaka yoyote, lakini orodha ya forodha imezichanganya. Kwa hiyo, mtafiti anayehesabu akina Wong katika orodha hizo anahesabu tahajia tu. Hahesabu ukoo.

4. Neno lililogawa watu

Safu ya kazi ilikuwa na uzito kuliko ya jina. Wafanyabiashara, wanafunzi, walimu na wasafiri waliruhusiwa kuingia; vibarua walikatazwa. Sheria ya 1882 ilieleza kwamba vibarua ni wenye ujuzi na wasio na ujuzi, pamoja na wachimba madini. Mwaka 1893 maana ilipanuliwa ikawakumba wavuvi, wachuuzi na wafua nguo. Mwaka huo huo mfanyabiashara akafafanuliwa kuwa mtu mwenye mahali maalumu pa biashara inayoendeshwa kwa jina lake, asiyefanya kazi ya mikono ila ile inayohitajiwa na biashara hiyo. Aliyerudi akidai hadhi hiyo alitakiwa kuleta mashahidi wawili wasio Wachina. Hivyo mwenye duka aliyefua nguo za watu aliweza kupoteza haki yake, si kwa sababu maisha yake yamebadilika bali kwa sababu neno limebadilika.

Msomaji wa Kiswahili ana ufunguo wa jambo hili katika lugha yake. Neno kibarua ni udogo wa barua. Kwanza lilitaja kikaratasi alichopewa mtu wa kazi za siku, kisha likamhamia mtu mwenyewe. Karatasi ilimpa mshikaji wake jina. Katika forodha ya San Francisco mkondo ulikuwa huo huo, ila kwa ukali zaidi: karatasi iliamua kama mshikaji yupo kisheria au hayupo.

5. Visa viwili

Chae Chan Ping alikuwa ameishi San Francisco tangu 1875. Tarehe 2 Juni 1887 aliondoka kwa meli Gaelic, akiwa na cheti cha kurudia kilichotolewa kwa mujibu wa sheria. Tarehe 7 Septemba 1888 alipanda meli Belgic huko Hong Kong. Angali baharini, tarehe 1 Oktoba, sheria mpya ilivifuta vyeti vyote vya namna hiyo, vipatavyo 20,000. Alipofika tarehe 8 Oktoba alikataliwa kushuka. Mwaka 1889 Mahakama ya Juu ya Marekani iliunga mkono ukatazo huo, naye akarudishwa. Katika shauri lake jina halikukosewa, wala alama za mwili hazikutofautiana. Cheti, orodha na mtu vilipatana vyote vitatu, lakini dola ilikuwa imelitengua neno lake.

Wong Kim Ark, mzaliwa wa San Francisco, alirudi kutoka China kwa meli Coptic mwezi Agosti 1895. Mkuu wa forodha alimkatalia kushuka, akidai kwamba hakuwa raia, naye akazuiliwa katika meli bandarini. Mwaka 1898 mahakama ile ile iliamua kwamba aliyezaliwa Marekani, kama yeye, ni raia wa nchi hiyo, ingawa wazazi wake ni Wachina. Jina lake sasa limo katika vitabu vya sheria kwa tahajia ile ile ya Kikantoni iliyosikika bandarini.

6. Hitimisho

Tetemeko la ardhi na moto wa San Francisco wa Aprili 1906 viliteketeza kumbukumbu za vizazi, na baada ya hapo wengi waliingia kama wana wa karatasi, yaani watoto wa raia kwa maandishi tu. Jambo hilo huelezwa aghalabu kama udanganyifu. Hata hivyo, ni vema kukumbuka kwamba mfumo wenyewe ndio uliowafundisha watu kuwa karatasi huzidi mdomo.

Afrika Mashariki nayo ina madaftari yake. Kipande cha Kenya, kilichotokana na sheria ya mwaka 1915, kiliandikwa na makarani walioyasikia majina ya lugha nyingi kwa masikio yao. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayeifungua nyaraka ya aina hiyo asianze kwa kunakili majina. Aanze kwa kuuliza jina lilitamkwaje, kwa lahaja gani, na aliyelisikia alikuwa nani. Bila hivyo, atamwandikisha marehemu kwa mara ya pili kwa jina ambalo hakuwa nalo.