Upigaji picha wa makro wa wadudu wadogo: Tarime na Serengeti

Upigaji picha wa makro ni upigaji picha wa vitu vidogo kwa kiwango ambacho taswira inayoangukia kwenye kihisi cha kamera hulingana na ukubwa halisi wa kitu chenyewe, au huuzidi. Kwa wadudu na jamaa zao wenye urefu wa milimita 1 hadi 10, kama vile sisimizi, buibui, kupe, mbung'o na inzi weupe, kazi hii leo hutegemea njia mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kurundika fokasi, yaani kuunganisha picha nyingi za kiumbe kimoja zilizolengwa kwenye kina tofauti ili ipatikane picha moja iliyo wazi kuanzia mbele hadi nyuma. Ya pili ni flashi iliyolainishwa kwa kisambaza mwanga. Makala hii inazieleza njia hizo katika mazingira ya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako karibu kila kamera huelekezwa kwa nyumbu na simba.

Mahali pa kazi

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951 na kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu hifadhi hiyo ilitoka mwaka 1959 na kupata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Ilisaidia kuijengea Serengeti sifa ya nchi ya makundi makubwa, inayotazamwa kutoka angani au kwa lenzi ndefu. Mpigapicha wa makro hana mengi ya kupata ndani ya hifadhi hiyo. Mgeni haruhusiwi kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa, na kiumbe wa milimita 4 hapigwi picha kwa kuegemea dirisha la gari. Uwanja wake uko nje ya mipaka: migomba na mibuni ya nyanda za juu za Tarime, mashamba ya mihogo na mahindi, maboma ya ng'ombe, kingo za Mto Mara, na vichaka vya vijiji vinavyopakana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Huko ndiko pia picha inakokuwa na kazi ya kufanya, kwa sababu wadudu wengi wanaompa mkulima na mfugaji hasara ni wadogo kiasi cha kutotambulika kwa jicho tupu.

Kina cha fokasi

Kadiri kamera inavyokuza, ndivyo sehemu inayoonekana wazi inavyopungua unene. Kwa kihisi cha milimita 24 kwa 36, lenzi iliyowekwa tundu la f/8 katika ukuzaji wa 1:1 hutoa kina cha takriban milimita 1. Ukuzaji ukifika mara mbili, kina hushuka hadi karibu milimita 0.36. Kwa lenzi ya Canon MP-E 65mm, iliyotoka mwaka 1999 na inayoweza kukuza hadi mara tano bila nyongeza yoyote, kina katika f/2.8 na ukuzaji wa juu kabisa hakizidi sana milimita 0.04. Jicho la buibui litakuwa wazi, lakini nywele zilizo nyuma yake hazitaonekana.

Anayeanza hufikiria kuziba tundu la lenzi ili apate kina zaidi, na fizikia humkatalia. Katika makro, namba ya tundu huzidishwa kwa ukuzaji uliojumlishwa moja, hivyo f/16 katika ukuzaji wa mara mbili hufanya kazi kama f/48. Mwanga unaopenya tundu jembamba kiasi hicho husambaa, na picha yote hupoteza ukali, hata pale palipolengwa. Ndiyo sababu wapigapicha huacha tundu wazi kwa kiasi, f/4 au f/5.6, wakakubali kina chembamba, kisha wakampitia mdudu tabaka baada ya tabaka kama mkate uliokatwa slesi.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme mdudu ana kina cha milimita 5, ukuzaji ni mara mbili, na tundu ni f/8. Hatua za milimita 0.25 zinatosha ili kila picha ipandane na jirani yake, na picha 20 zinakamilisha kazi. Kwa ukuzaji wa mara tano katika f/2.8, mdudu huyohuyo angedai picha zinazokaribia 180, na hizo hazipigwi kwa mkono wala kwa mdudu aliye hai. Mwingereza Levon Biss, aliyeonyesha picha zake katika makumbusho ya historia asilia ya Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2016, aliunganisha picha 8,000 hadi 10,000 kwa kila mdudu mmoja, lakini wake walikuwa wadudu wakavu kutoka kwenye makabati ya makumbusho. Shambani, rundo la picha 5 hadi 30 ndilo linalowezekana.

Namna ya kulipata rundo hilo hutegemea mkono zaidi kuliko mashine. Mpigapicha hushika kikonyo cha jani kwa mkono wa kushoto na kuegemeza lenzi juu ya mkono huohuo. Upepo ukivuma, jani na kamera hutikisika pamoja. Kisha husogeza mwili polepole sana kwenda mbele huku akifyatua mfululizo. Baadhi ya kamera husogeza fokasi zenyewe, na Olympus iliziwezesha baadhi ya kamera zake mwaka 2015 kuunganisha picha 8 ndani ya kamera. Asiye na uwezo wa kununua lenzi ya makro huigeuza lenzi ya kawaida ya milimita 50 nyuma mbele kwa pete ya bei ndogo. Huo ni ufundi wa zamani, na kwa maoni ya mwandishi wa makala hii ndio mwanzo bora, kwa kuwa humlazimisha mtu ajifunze mwanga kabla ya kununua chochote.

Saa ina uzito zaidi kuliko vifaa. Nyanda za juu za Tarime ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri zake ni za baridi na umande. Mdudu hana joto lake mwenyewe, kwa hiyo kabla jua halijapanda hukaa tuli kwenye jani hata kwa dakika nzima. Wapo wanaowatia wadudu kwenye friji ili watulie. Hapa hakuna haja ya hilo, na mdudu aliyetoka friji mara nyingi hukaa na miguu iliyokunjwa vibaya, jambo ambalo mjuzi huligundua mara moja.

Mwanga

Flashi hutumika kwa sababu mbili. Kwanza, tundu dogo na ukuzaji mkubwa hula mwanga mwingi. Pili, flashi ndogo ikipunguzwa nguvu hadi 1/32 huwaka kwa muda mfupi sana, mara nyingi chini ya 1/10,000 ya sekunde, na muda huo hugandisha mtikisiko wa mkono na wa jani. Nguvu ndogo pia huiwezesha flashi kujichaji haraka kati ya picha na picha. Betri zikichoka, picha za rundo moja hutofautiana mwangaza, na programu huacha mabaka.

Flashi tupu, hata hivyo, huharibu. Mgongo wa mbawakawa ni kioo kilichobinuka, na kila taa ndogo huonekana juu yake kama nukta nyeupe iliyoungua, huku vivuli vikiwa vikali na vyeusi. Ulaini wa mwanga hutokana na upana wa chanzo chake ukilinganishwa na umbali wake kutoka kwa mdudu. Kitambaa au plastiki nyeupe ya sentimita 15 ikiwekwa sentimita 8 tu juu ya sisimizi, kwake hiyo ni anga nzima. Ndiyo maana kisambaza mwanga cha kutengenezwa nyumbani kwa karatasi nyeupe, povu jembamba la kufungashia redio au televisheni, au ubavu wa dumu jeupe, mara nyingi hushinda cha dukani kilichowekwa mbali. Kinachotakiwa ni tabaka mbili zenye nafasi kati yake, zilizopinda kumzunguka mdudu juu na pembeni. Macho ya buibui mrukaji huonyesha mwakisi wa kisambaza chenyewe, na kutoka hapo mtazamaji makini huweza kusema mpigapicha alitumia nini.

Mwanga wa flashi hufifia kwa mraba wa umbali, kwa hiyo mandhari iliyo mbali hutoka nyeusi tii, na picha ya mchana huonekana ya usiku. Tiba yake ni kuweka jani sentimita chache nyuma ya mdudu.

Viumbe wa eneo hili

Kwenye mihogo, inzi mweupe (Bemisia tabaci) ana urefu wa karibu milimita 1 na mabawa yaliyopakwa unga wa nta. Ndiye aenezaye virusi vya batobato na vya michirizi ya kahawia. Weupe wa nta huungua kwa flashi kali hadi mishipa ya bawa ipotee, hivyo mdudu huyu ni kipimo kizuri cha kisambaza mwanga. Watoto wake hukaa bapa upande wa chini wa jani.

Kwenye mahindi yumo kiwavijeshi vamizi (Spodoptera frugiperda), aliyethibitishwa Tanzania mwaka 2017. Alama zake mbili zinafaa sana kwa makro: herufi Y iliyopinduliwa kwenye uso, na nukta nne zilizopangwa kwa mraba karibu na mwisho wa mwili. Picha moja ya kichwa na nyingine ya mkia zinatosha kumtenganisha na viwavi wengine, na hapo rundo la picha 6 linazidi kwa manufaa picha moja nzuri ya kiwavi mzima. Mdudu anayetoboa punje za kahawa (Hypothenemus hampei) hafiki milimita 2 na ni mweusi anayeng'aa, mgumu kuliko wote kwa mwanga.

Bomani yupo kupe Rhipicephalus appendiculatus, aenezaye ndigana kali kwa ng'ombe. Kuelekea mapori ya Ikorongo na Grumeti yupo mbung'o, akiwemo Glossina swynnertoni, ambaye makazi yake ni kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya tu. Mbung'o hutambulika kwa mabawa yanayolaliana kama mkasi, na kwa chumba cha katikati ya bawa chenye umbo la shoka. Huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo nguo hizo ziachwe nyumbani. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, migunga yenye miiba iliyovimba (Vachellia drepanolobium) huhifadhi sisimizi wa jenasi Crematogaster na Tetraponera, wanaoulinda mti kwa kuuma kila anayeugusa, mpigapicha akiwemo.

Mto Mara una kundi lake. Wadudu wachanga wanaoishi chini ya mawe hutumika kupima hali ya maji, na Tanzania ina mfumo wake wa kupima mito kwa njia hiyo, unaoitwa kwa kifupi TARISS. Hupigwa picha ndani ya sahani nyeupe yenye maji, flashi ikitoka pembeni ili uso wa maji usirudishe mwanga kwenye lenzi.

Jirani wa karibu, kandokando ya Ziwa Victoria, ni buibui mrukaji Evarcha culicivora mwenye uso mwekundu. Alipewa jina la kisayansi mwaka 2003 na amechunguzwa zaidi huko Mbita, Kenya. Hupendelea kula mbu jike wa Anopheles walioshiba damu.

Kuunganisha na kutambua

Programu zinazotumika sana ni Helicon Focus na Zerene Stacker. Njia moja ya kuunganisha huchukua sehemu yenye ukali zaidi kwa kila nukta na kuhifadhi vizuri nywele zinazopishana, lakini huongeza chengachenga. Nyingine huchora ramani ya kina na kutunza rangi, lakini huacha ukungu kandokando ya miguu. Wengi hufanya zote mbili, kisha husahihisha kwa mkono pale papasio lilipotikisika likatoka mara mbili.

Nchini, mfano unaojulikana zaidi ni Muhammad Mahdi Karim wa Dar es Salaam. Picha zake za wadudu na buibui wa Tanzania, alizozitoa kwa leseni huria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, zimetumika katika makala nyingi za Wikipedia.

Kupiga picha shambani huhitaji ruhusa ya mwenye shamba tu. Utafiti na ukusanyaji wa wadudu ndani ya hifadhi huhitaji vibali, vikiwemo vya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI). Picha inayokusudiwa kutambua mdudu iambatane na mahali, tarehe, mmea aliokutwa juu yake, na picha ya rula iliyopigwa kwa ukuzaji uleule. Hata hivyo, kwa buibui wengi na kwa mbawakawa kadhaa, spishi hutenganishwa kwa viungo vya uzazi vinavyoonekana chini ya hadubini pekee. Hapo picha, hata iwe na tabaka mia, huishia kwenye jenasi.