Roketi ya Shaba: nani alilipa?

Wandugu wasomi, siku hizi mazungumzo yetu juu ya sayansi yanaishia karibu kila mara kwa jina moja: Elon Musk. Mtu anasema: "Unaona, muzungu mmoja tu, na franga zake mwenyewe, anarusha roketi. Sisi tunangoja Leta. Leta imekufa, tutafute matajiri." Ile hasira ninaielewa kabisa. Ukisoma kemia miaka mitano na mazoezi ya labo unayafanya kwa chaki ubaoni, juu chupa hazina kitu, utaanza kuota bilionea mmoja akuokote.

Lakini kuna historia moja ya kwetu, ya Katanga, ambayo ninaona tungeijua kwanza. Roketi ya kampuni ya watu binafsi ilisharushwa katika nchi hii tarehe 17 Mei 1977. Musk alikuwa hajafikisha miaka 6.

Kampuni iliitwa OTRAG. Ilianzishwa katika Ujerumani ya Magharibi na injinia mmoja, Lutz Kayser, katikati ya miaka ya 1970. Wazo lake lilikuwa zuri, nalisema bila mzaha. Wakati ule roketi ilikuwa kitu cha Leta tu, kama Marekani na Muungano wa Kisovieti, na Ulaya kwa shida. Kila roketi ilitengenezwa kama saa ya dhahabu. Kayser akasema hapana, tutengeneze roketi kama vile watu wanavyotengeneza magari: bomba nyembamba za chuma, zote za aina moja, ndani mafuta ya aina ya mafuta ya taa na asidi ya naitriki. Ukitaka kubeba mzigo mdogo unafunga bomba chache pamoja. Mzigo mkubwa, unafunga nyingi. Vali zake zilifunguliwa na mota za kawaida, zile zinazosukuma vifuta-maji kwenye kioo cha gari! Kwenye baraza lake alikaa Kurt Debus, mtu aliyekuwa mkuu wa kituo cha NASA kule Florida ambapo Apollo iliondokea. Si watu wa kuchezea.

Sasa, franga zilitoka wapi? Hapa njo pa kukaa kidogo.

Mwanzoni Kayser alikuwa akilipwa na Leta. Utafiti wake wa kwanza juu ya injini hizo za bei rahisi ulilipiwa na wizara ya utafiti ya Ujerumani. Baadaye nchi za Ulaya ziliamua kuweka nguvu zao katika Ariane, na mlango ukafungwa. Njo akaenda kwa watu binafsi: madaktari, wafanyabiashara, watu wenye mapato mazuri, mamia yao. Magazeti yakaiita kampuni ya kwanza ya anga isiyo ya serikali, na mpaka leo inaandikwa vile.

Lakini tuangalie wale watu waliingiaje. Sheria ya kodi ya Ujerumani wakati ule iliruhusu mtu aliyeweka mali yake katika kampuni ya namna ile ahesabu hasara ya kampuni kama hasara yake mwenyewe, na aitoe katika mapato yanayotozwa kodi. Kampuni ya utafiti, kila mtu anajua, miaka ya kwanza inazaa hasara tu. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilikuwa 56%. Tuseme daktari mmoja wa kiwango kile anaweka mark 100. Zikiandikwa kama hasara, anakwepa kodi ya mark 56. Ni kusema, katika zile mark 100 za "mtu binafsi", 56 zilikuwa zinaelekea kwenye hazina ya Leta, zikageuzwa njia. Daktari alihatarisha 44. Mfanyakazi wa kiwandani aliyelipa kodi yake bila kujua neno roketi alichangia zaidi yake, lakini jina lake halikuandikwa popote. Hakuna mtu aliyemuuliza, na bunge halikuketi kupiga kura kwamba tujenge roketi hizi.

Ile ni sehemu ya Ujerumani ya hesabu. Sehemu ya pili ya hesabu ni sisi.

Roketi inataka uwanja. Ikianguka, isianguke juu ya mji. Ujerumani hakuna nafasi, alafu mikataba ya baada ya vita iliifunga nchi ile isitengeneze makombora makubwa. Zaire ilikuwa na nafasi, na ilikuwa na njaa ya franga: bei ya shaba ilikuwa imeanguka tangu 1974, na zairianisation ya 1973 ilikuwa imevuruga biashara, wazee wetu wanaikumbuka. Kwa hiyo Mobutu alisaini. Kampuni ilipewa haki juu ya eneo la karibu kilomita za mraba 100,000 kaskazini mwa Shaba, mpaka mwaka 2000. Ubelgiji mzima unaingia mle mara tatu na nafasi inabaki. Ndani yake kulikuwa vijiji, mashamba, mito ya uvuvi, makaburi ya mababu. Mkataba ulipotolewa katika magazeti, watu walishangaa kusoma kwamba kampuni ya kigeni inaweza kuomba watu waondolewe katika eneo, na kwamba wafanyakazi wake wanapata kinga ambayo kwa kawaida wanapewa mabalozi.

Mimi nauliza: ardhi ile ilikuwa mali ya nani? Ya Leta, ni kusema ya watu wote. Kwa hiyo kodi ya Wajerumani ililipa bomba, na udongo wa Wazaire ukalipa uwanja. Kitu kilichobaki kuwa cha binafsi hapo ni hati ya umiliki.

Kiwanja kilijengwa juu ya uwanda ulio kati ya Manono na Pweto, unaotazama bonde la mto Luvua. Wakatengeneza uwanja wa ndege na nyumba. Wahandisi walitoka Ujerumani. Vijana wa pale walipata kazi ya mikono. Na tukumbuke, Zaire wakati ule haikuwa nchi isiyo na wasomi. Kinshasa kulikuwa na reaktori ya nyuklia iliyoanza kufanya kazi 1959 kwenye universite ya Lovanium, ya kwanza katika Afrika nzima, na 1972 ikaja ya pili yenye nguvu zaidi. Lubumbashi kulikuwa na polytechnique. Fizikia ilikuwepo, wanafunzi walikuwepo. Lakini roketi ilikaa upande wake, na universite upande wake.

Roketi ya kwanza iliruka vizuri. Ya pili iliruka tarehe 20 Mei 1978. Angalieni ile tarehe: siku moja tu mbele, 19 Mei, askari wa Ufaransa walikuwa wametua Kolwezi na miavuli. Mkoa uleule! Upande mmoja watu wanakufa, upande mwingine wazungu wanahesabu sekunde kuelekea mbinguni. Ya tatu ilikuwa 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe alikuja kuangalia. Ile roketi iligeuka muda mfupi baada ya kuondoka, ikaanguka.

Watu wengi wanaihadithia ile siku kama kichekesho, na filamu zake zipo. Mimi sicheki. Roketi kuanguka ni jambo la kawaida katika kazi ile. Musk mwenyewe tatu za kwanza zilimshinda. Kilichoua OTRAG kwetu ni siasa: Wasovieti walisema ni makombora ya vita yamefichwa, majirani kama Angola waliogopa, na serikali ya Ujerumani yenyewe ilichoka na maneno. Mwaka 1979 Mobutu akawafukuza. Kampuni ikafunga mizigo ikaenda Libya kwa Gaddafi, ikarusha tena huko 1981, mwisho ikafa.

Na pale kwenye uwanda kulibaki nini? Njia ya ndege. Majengo. Hakuna kizazi cha mainjinia wa Kikongo kilichotoka pale. Mtu anayebeba ujuzi kichwani akipanda ndege, ujuzi nao unapanda.

Kuhusu Musk sitachukua muda mrefu, juu hesabu yake inajulikana. Aliweka franga zake, kweli, na nyingi. Lakini 2006 NASA ilimpa mkataba wa kumsaidia kujenga, na Desemba 2008, wakati kampuni yake ilikuwa karibu kuzama, NASA ikampa mwingine wa dola bilioni 1.6 kwa safari 12 za mizigo. Leta ya Marekani njo ilikuwa mteja wake. Tofauti yake na Kayser haiko katika akili, naona iko hapa: nyuma ya mmoja kulisimama Leta iliyojua inataka nini, nyuma ya mwingine kulikuwa daktari anayekimbia kodi na prezida anayetafuta franga.

Najua mtu ataniambia: basi wewe unatetea Leta, na Leta yetu tunaijua. Hapana. Leta nayo inaweza kulipa na watu wake wakabaki mikono mitupu. Angalieni Yangambi. INEAC ilianzishwa 1933, taasisi ya umma ya koloni, na kichwa cha wanakijiji njo kilikuwa kinatozwa kodi ya koloni. Mwaka 1941 watafiti wawili wa pale, Beirnaert na Vanderweyen, walionyesha kwamba mchikichi unaoitwa tenera, ule wenye ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta, unazaliwa ukichanganya mchikichi wa ganda nene na ule usio na ganda. Inaonekana kitu kidogo. Lakini tangu hapo mtu aliweza kupanda shamba zima la tenera kwa kujua, bila kubahatisha. Mashamba makubwa ya Malezia na Indonesia leo yamesimama juu ya ile kazi ya Yangambi, na sisi, nyumba ya mchikichi, tunanunua mafuta mengine yakitoka Asia kwa meli. Matokeo yalichapishwa, kila mtu aliweza kuyasoma. Walioweza kuyatumia ni wale waliokuwa na Leta ya kupanda, kugawa mbegu na kujenga barabara miaka 30 bila kukatika.

Kwa hiyo swali la "tajiri au Leta" naona linatupotezea muda. Karibu kila mara wote wawili wako ndani. La kuuliza ni nani alikaa mezani wakati wa kusaini, na daftari la labo linalala kwa nani usiku.

Kuna mtu mmoja aliyelijifunza hili kwa mwili wake. Mwaka 1976, wakati kampuni ya Kayser inajipanga Shaba, upande wa pili wa nchi, Yambuku, watu walianza kufa kwa ugonjwa usio na jina. Leta ilimtuma daktari kijana, Jean-Jacques Muyembe, mtoto wa Lovanium. Alichukua damu ya wagonjwa bila glavu, na sampuli zikaenda Ulaya. Ugonjwa ukapewa jina Ebola, na kwa miaka mingi vitabu viliwataja wazungu tu. Mwaka 1995 kule Kikwit, yeye na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, 7 waliishi. Baadaye, kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, watafiti wa taasisi ya umma ya Marekani, NIH, pamoja na INRB ya Muyembe, walipata kingamwili iliyoitwa mAb114. Ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina katika 2018 na 2019, vita ikiendelea, na ilikuwa moja kati ya dawa mbili zilizoshinda. Leseni ilipewa kampuni binafsi ya Miami. Desemba 2020 Marekani iliidhinisha dawa, ikiwa na jina la biashara Ebanga.

Damu ya Kikwit, madaktari wa Leta ya Kongo, kodi ya Wamarekani, wagonjwa wa Beni. Alafu kampuni, yenye leseni. Siwatukani, mtu lazima atengeneze chupa na kuzisafirisha, na kampuni ile ilikubali kuitoa. Lakini haitengenezwi hapa.

Njo maana uamuzi wa Muyembe wakati wa ule mlipuko wa Kivu ninauona mkubwa kupita tuzo zote alizopata. Alisema sampuli za damu zitabaki Kongo. Mwenye kutaka kuzisoma, aje. Na kule Goma INRB ikapata labo yake. Ina jina la Rodolphe Mérieux, juu fondation ya familia ya Mérieux, matajiri wa Ufaransa, ilisaidia kuijenga. Franga za binafsi hizo, nami nazipokea na mikono miwili. Ila mlangoni kumeandikwa INRB, na wanaofungua frigo ni Wakongo waliosoma kama mimi na wewe.

Januari 2025, wakati vita iliingia ndani ya mji wa Goma, Croix-Rouge ilitoa sauti juu ya labo ile hasa: umeme ukikatika, sampuli zilizomo, na virusi vya Ebola pia, zinaweza kuwa hatari kwa kila mtu. Siku zile hakuna aliyeuliza kama jengo lililipwa na tajiri au na Leta. Watu waliuliza nani ana mazuti ya groupe.