Ukame na Ubora wa Lishe katika Punje ya Mchele

Ukame hupunguza mavuno ya mpunga, na pia hubadilisha kilichomo ndani ya punje. Jambo hili linaigusa Kaunti ya Kajiado ingawa mpunga si zao lake kuu. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni kame, wenyeji wengi ni wafugaji, na wali unaopikwa katika mji wake wa Kitengela hutokana na mchele wa kununuliwa: pishori ya Mwea, au mchele kutoka Pakistan na Tanzania. Ubora wa lishe wakati wa ukame haupimwi kwa asilimia za virutubisho pekee. Hupimwa pia kwa kiasi kinachomfikia mlaji.

Kipindi cha hatari zaidi ni mpunga unapochanua na punje zinapojaa. Maji yakikosekana, mmea hufunga vitundu vya majani ili usipoteze unyevu, na utengenezaji wa sukari hupungua. Punje huwahi kukomaa kabla ya kujaa wanga. Punje iliyojaa vizuri ikiinuliwa kwenye mwanga hupenyeza nuru kama kioo. Iliyopatwa na ukame mara nyingi huwa na doa jeupe kama chaki, kwa kuwa chembe za wanga hazikushikamana na hewa imebaki katikati yake.

Kwa kuwa wanga hupungua zaidi kuliko protini, asilimia ya protini mara nyingi hupanda. Ongezeko hilo hudanganya. Chukulia shamba linalotoa kilo 1,000 za mchele wenye protini asilimia 7: hizo ni kilo 70 za protini. Mavuno yakishuka hadi kilo 600 na protini ikapanda hadi asilimia 9, hupatikana kilo 54 tu. Isitoshe, protini ya mchele ina upungufu wa asidi amino iitwayo lisini, na asilimia kupanda hakuuondoi.

Kwa upande wa madini, chuma huyeyuka kwa urahisi katika udongo uliofurika maji. Jaruba likikauka, chuma hugeuka kuwa aina isiyoyeyuka, na mizizi hukipata kwa shida. Zinki huathiriwa kwa namna tofauti kulingana na udongo, lakini mizizi iliyo katika udongo mkavu hufyonza madini kidogo kwa jumla.

Kinu nacho huongeza hasara. Punje zenye doa la chaki ni dhaifu, hivyo huvunjika na kuwa chenga wakati wa kukoboa. Pumba inayoondolewa ndiyo yenye sehemu kubwa ya chuma na vitamini B1.

Uzito wa hasara hizi huonekana wazi Kajiado. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa duni, na mifugo mingi ikafa. Ng'ombe wakikosa malisho, maziwa hukauka, na familia iliyozoea kuyanywa hulazimika kutegemea nafaka ya dukani. Mchele hauwezi kuziba pengo la protini bora, kalsiamu na vitamini A lililoachwa na maziwa, hata ukiwa wa daraja la kwanza.

Kukausha jaruba si kosa wakati wote. Kilimo shadidi cha mpunga, ambacho Mwea ilianza kukijaribu mwaka 2009, hukausha na kujaza maji kwa zamu, lakini huhakikisha maji yapo mpunga unapochanua. Bwawa la Thiba, lililofunguliwa mwaka 2022, linasaidia Mwea kutimiza sharti hilo.

Kwa hiyo wakulima wapewe maji kwanza katika wiki za kuchanua na kujaza punje, na watafiti wa mbegu wapime madini na protini pamoja na idadi ya magunia. Mlaji wa Kitengela naye aunge wali wake kwa maharagwe, ndengu au kunde, kwani mazao ya jamii ya kunde yana lisini ambayo mchele hauna ya kutosha.