Kijana Aliyekwenda Chuoni kwa Miguu



Wengi wetu tulifika huku ughaibuni kwa ndege. Leo napenda tumkumbuke mwenzetu aliyeianza safari hiyo kwa miguu, Legson Kayira.

Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 kaskazini mwa Nyasaland, nchi iliyoitwa Malawi tangu 1964. Tarehe haijulikani, kwani wazazi wake hawakujua kuandika. Akiwa mchanga, mama yake alimtupa katika mto Didimu kwa kukosa cha kumlisha. Wasamaria wakamwokoa, naye akapewa jina la mto. Mama huyo huyo ndiye aliyemlea.

Alisoma sekondari Livingstonia, shule ya misheni ambayo wito wake ni “Nitajaribu”. Oktoba 1958 akaaga nyumbani kwenda kusoma Marekani, akiwa na chakula cha siku chache, Biblia na kitabu cha John Bunyan. Alikatiza Tanganyika akifanya vibarua, akafika Kampala mwaka 1960. Humo, katika maktaba ya Wamarekani, aliona jina la Chuo cha Skagit Valley, jimbo la Washington. Akaandika barua, akakubaliwa na kupewa msaada wa masomo. Nauli hakuwa nayo. Akasonga mbele hadi Khartoum, takriban maili 2,500 kutoka kwao.

Hapo miguu ilikuwa imefika mwisho wake. Bahari haivukwi kwa miguu. Ubalozi wa Marekani ukawasiliana na chuo, na wanafunzi pamoja na wakazi wa mji mdogo wa Mount Vernon wakachanga nauli. Akawasili Desemba 1960. Baadaye alihitimu Chuo Kikuu cha Washington, akaendelea Cambridge, akaandika kumbukumbu zake mwaka 1965 na riwaya kadhaa. Alifariki London mwaka 2012.

Tukisimulia habari zake husifu miguu tu, tukawasahau waliochanga. Bila miguu ile wasingemjua. Bila mchango wao, angeishia Khartoum.

Vyama vyetu huku huchanga upesi sana mtu akifa, na ni jambo jema. Lakini nyumbani wako vijana waliokwisha kutembea mpaka pale miguu inapokoma, barua ya chuo mkononi. Je, hao nao tuwasubiri mpaka wafe ndipo tuwachangie?