Volvo ya Kadibodi

Kabla hujanicheka, ndugu msomaji, kwamba jitu zima lenye ndevu linacheza na vigari, nisikilize kwanza.

Gari langu la kwanza lilikuwa Volvo PV544. Nilitaka watoto wa ploti yetu wajue kwamba lile jina "Joginder", ambalo wazee wa mtaa humtupia dereva yeyote wa matatu anayekimbia ovyo, lilikuwa la mtu wa kweli. Nikakata kadibodi ya sanduku la viatu. Magurudumu yalitoka kwenye malapa yaliyochakaa, bampa ni waya wa hanga. Kipimo changu ni 1 kwa 24, kwa hiyo gari la mita 4.4 hivi linatoka sentimita 18 na ushei. Nikalipaka rangi, nikaliandika namba 25 ubavuni. Kwa nini 25? Ilinipendeza tu.

Nikalipeleka Grogan kwa mzee mmoja fundi, nikitarajia sifa. Alilizungusha mkononi, akanirudishia.

"Kijana, hii si ya Joginder. Yake ilikuwa namba moja."

Basi! Usiku ule nilikuwa na msasa mkononi nikifuta uongo wangu.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa bidii. Safari ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye ikahamia Pasaka, msimu wa mvua. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7. Saba! Miaka miwili baadaye Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, akashinda pamoja na nduguye Jaswant. Na ile Volvo haikuwa mpya: ilikuwa imeshatumiwa na timu ya kiwanda, wao wakainunua mkononi. Alishinda tena 1974 na 1976, na Mitsubishi Lancer. Katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19. Kwa hiyo kumwita dereva mzembe Joginder ni kumsifu bure.

Tangu hapo sipaki gari langu rangi ya kung'aa nikaliacha hivyo. Nachanganya gundi na udongo mwekundu wa nyuma ya choo cha ploti, napaka mpaka kwenye vioo. Gari safi la Safari ni gari ambalo halijaondoka.

La pili lilikuwa Datsun 240Z ya Shekhar Mehta. Kijana mmoja wa jirani, miaka 12, aliyekuwa ananishikia gundi, akauliza mbona huyu alizaliwa Kampala na anaitwa Mkenya. Ikabidi niweke makasi chini. Nikamweleza habari za 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, na jinsi akina Mehta walivyokimbilia Kenya. Pasaka iliyofuata, 1973, Mehta alifungana pointi na Harry Källström wa Sweden, naye akapewa ushindi kwa sababu alienda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi ya kwanza. Alikuja kushinda mara nne zaidi, 1979 hadi 1982, mfululizo.

Kijana akanyamaza. Halafu: "Sasa brathe, hawa wote ni Wahindi na wazungu. Mweusi yuko wapi?"

Ningeweza kumwambia gari la mashindano ni pesa, na pesa wakati huo zilikuwa mikononi mwa nani. Nilimwambia. Lakini hilo ni jibu la mwalimu, halishikiki mkononi. Nikamtajia Patrick Njiru, Safari ya 1993. Mwaka ule Toyota Celica zilichukua nafasi nne za kwanza, Juha Kankkunen mbele. Njiru alikuwa na Subaru Vivio, kigari cha injini ya cc 660. Colin McRae naye alikuwa na Vivio, lakini haikufika mwisho. Ya Njiru ilifika, nafasi ya 12, ikashinda daraja lake.

"Ina urefu gani?"

"Mita 3.3."

Akapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi. Sentimita 14 kasoro. Akachukua kadibodi na makasi bila kuniomba.

Amemaliza bodi juzi, imepinda kidogo upande wa kushoto. Ubavuni ameacha mahali patupu. Jumamosi tunaenda Grogan kuulizia namba.